Kuatamisha kuku wa kienyeji uani, kuanzia mayai hadi chanjo ya mdondo

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya pamoja na jirani yangu hapa Tanga, ambaye ua wake una matuta ya mchicha, mawaridi kwenye makopo na sasa kuku wa kienyeji. Yeye alidhani ugumu uko katika kuangua mayai. Kuangua ni kazi ya kuku mwenyewe, naye anaifahamu kuliko sisi. Vifaranga hupotea baadaye, katika majuma ya mwanzo, kwa baridi, kwa kunguru na zaidi ya yote kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ndiyo maana hatua ya chanjo nimeieleza kwa urefu, na nyingine nimezipitia kwa haraka.

Hatua ya 1: Mayai

Chagua mayai safi ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa, yaliyotagwa na matetea wanaoishi na jogoo. Usiyaoshe, kwa sababu maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yahifadhi mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiwa chini, na yasizidi siku 7 kabla ya kuatamiwa. Kuku mmoja wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13, na kumwongezea zaidi ya hapo ni kuyapoteza yale ya pembezoni.

Hatua ya 2: Kumlaza kuku

Kiota kiwe mahali tulivu, chenye mchanga mkavu na majivu chini, kisha majani makavu juu. Kabla ya kumlaza, mkague kuku chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja, na ukiona chawa, viroboto au utitiri, mpulizie dawa ya unga inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, kwa kipimo kilichoandikwa. Kuku anayesumbuliwa na utitiri huacha mayai. Mlaze jioni, giza linapoanza kuingia, kwa kuwa wakati huo hutulia upesi.

Ikiwa una kuku wawili wanaoelekea kuatamia, ninapendekeza kwa nguvu walazwe siku moja. Yule aliyetangulia mwachie mayai machache usiyokusudia yaanguliwe, asubiri siku chache bila kupita juma moja ili asidhoofike, na mwenzake akiwa tayari wape wote wawili mayai mazuri jioni hiyohiyo. Vifaranga wakitoka pamoja, mama mmoja huweza kuwalea wote na mwingine akarudi kutaga mapema, na wewe utakuwa na ratiba moja tu ya chanjo badala ya mbili.

Chakula na maji viwe karibu na kiota. Kuku hutoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kujisafisha kwa muda mfupi, na hakuna haja ya kumrudisha kwa nguvu.

Hatua ya 3: Kupima mayai

Siku ya 7, usiku, weka yai juu ya tochi na ufunike mwanga kwa vidole. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye doa jeusi, na lisilo na mbegu huwa jeupe tupu. Yaondoe yasiyo na mbegu. Tochi ya simu inatosha kabisa, na sioni sababu ya kununua kifaa maalumu kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Kuanguliwa

Vifaranga hutoka siku ya 21, wengine siku moja kabla au baada. Usiwasaidie kuvunja ganda.

Hatua ya 5: Joto, chakula na ulinzi

Mwache mama awalee. Kinengunengu, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, kinafaa pale tu ambapo vifaranga ni wengi kuliko uwezo wa mama, na hapo joto liwe kati ya nyuzi 33 na 35 za Selsiasi katika juma la kwanza, kisha lipungue kwa takriban nyuzi 3 kila juma. Tabia ya vifaranga hueleza hali yao vizuri: wakijikusanya na kulia wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wamezidiwa na joto. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa silikubali kamwe, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua vifaranga na huua watu pia.

Wape chakula cha vifaranga, wala si cha kuku wa mayai, ambacho kina chokaa nyingi mno inayoharibu figo za wadogo. Kiweke ndani ya tenga lenye matundu yanayopitisha vifaranga peke yao, ili mama asikimalize. Maji yawe kwenye chombo kifupi chenye kokoto ndani wasije wakazama.

Katika miji yetu ya pwani adui wa mchana ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara. Wapo wafugaji wanaowapaka vifaranga rangi ili kuwatisha kunguru na mwewe, lakini mimi naamini waya juu ya banda kwa mwezi wa kwanza. Kunguru akishapata kifaranga mmoja, atarudi kila siku.

Hatua ya 6: Chanjo ya mdondo

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Mdondo husababishwa na virusi na hauna tiba. Kuku huharisha kijani, hukoroma, hushusha mabawa, hupinda shingo, na banda zima huweza kuisha kwa siku chache. Mshubiri, pilipili na vidonge vya antibayotiki havigusi virusi hivi, na fedha inayotumika kuvinunua ingetosha kuchanja kuku wa mtaa mzima.

Chanjo ninayoipendelea ni ya I-2, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kwa kuwafikiria kuku wa vijijini, na ambayo sasa huzalishwa pia hapa Tanzania, Kibaha. Hustahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi za mdondo. Hata hivyo kustahimili joto si kustahimili jua, wala si kukaa dirishani juma zima. Isafirishe kwenye kiboksi chenye barafu au uifunge kwa kitambaa kibichi, uiweke kwenye friji ukifika nyumbani, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Kwenye lebo tafuta jina Newcastle, maana ndilo jina la ugonjwa huu kwenye chupa.

Toa tone moja katika jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, kifaranga na jogoo sawasawa, kwani kipimo hakibadiliki kwa ukubwa wa mwili. Mtu mmoja amshike kuku ubavu, jicho likitazama juu, na mwingine adondoshe. Chupa isimame wima kabisa, kwa sababu ikilazwa matone hutoka kwa ukubwa tofauti na dozi huisha kabla ya kuku kwisha. Ncha ya chupa isiguse jicho. Baada ya tone kuanguka, subiri kuku apepese ndipo umwachie, na akitikisa kichwa tone likamwagika, rudia. Usiku ndio wakati bora, kuku wakiwa wametulia bandani na hakuna wa kukimbizwa kati ya makopo ya maua.

Wachanjwe kuku wenye afya tu. Kinga huhitaji kati ya siku 7 na 14 kujengeka, kwa hiyo anayechanja baada ya kusikia vifo kwa jirani mara nyingi huwa amechelewa. Vifaranga huweza kuchanjwa katika siku za mwanzo, lakini mama aliyechanjwa huwaachia kinga ya muda inayoweza kupunguza nguvu ya chanjo hiyo. Kwa hiyo warudie wakiwa na umri wa majuma 3 hadi 4, kisha kila baada ya miezi 3 maisha yao yote. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu ni kurudia huku kunakosahaulika. Chupa iliyofunguliwa itumike siku hiyohiyo, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza, maana chanjo ni virusi hai na ikiingia jichoni mwa mtu huleta wekundu na machozi.

Wapo wanaopenda kuichanganya na maji ya kunywa kwa kukwepa kazi ya kukamata kuku. Inawezekana, ila kinga yake ni dhaifu zaidi, kwani kuku mmoja hunywa sana na mwingine hanywi kabisa. Tena klorini ya maji ya bomba huua chanjo. Ukilazimika, yaache maji wazi kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha, usitumie chombo cha chuma, uwanyime kuku maji tangu usiku, na mchanganyiko uishe ndani ya saa 2. Kwa kuku wachache wa uani, tone la jicho halina mpinzani.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni majirani. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja, na kuku wetu hawajui mipaka ya nyua. Changeni fedha, mpange usiku mmoja, mpite nyumba kwa nyumba. Kuku mgeni aliyenunuliwa mnadani au sokoni atengwe wiki 2 kabla ya kuungana na wengine.

Hatua ya 7: Kuwatenga na mama

Kuanzia majuma 4 hadi 6, manyoya yakishawafunika, watenge na mama, naye ataanza kutaga tena baada ya muda. Takataka za banda usizimwage mbichi kwenye matuta, kwa kuwa huunguza mizizi na hubeba vijidudu. Zirundike na majani, zigeuze, na uziache zioze miezi 2 au 3 kabla ya kuzipa mawaridi na mchicha.