Kuunda upya fremu ya mbao ya Morris Minor Traveller

Watu wengi wakiiona Morris Minor Traveller, gari la zamani la Kiingereza, hudhani zile mbao za nyuma ni urembo. Sivyo. Kuanzia nyuma ya milango ya mbele, mbao ndizo zinazobeba paa, ndizo zinazoshika vioo, na milango miwili ya nyuma inaning'inia juu yake. Uingereza, ambako gari hili liliundwa kuanzia 1953 hadi 1971, fremu ikioza gari likipelekwa ukaguzi wa usalama halipiti, sawasawa na gari ambalo sakafu yake imeliwa na kutu. Basi ukishika kazi hii, jua umeshika mifupa ya gari.

Mimi ni seremala wa Mombasa, kazi nimeifunzia kwenye majahazi, na jicho langu huanza pale maji yanapotuama. Chukua bisibisi nyembamba uchome taratibu: mguu wa nguzo za kona za nyuma, ubao wa chini juu ya tairi, na hasa ubao wa katikati chini ya vioo vya kusukuma. Vioo vile vinatembea ndani ya mfereji, mfereji unashika vumbi, vumbi linashika maji, na mara nyingi utakuta hata kuvu ya kijani imeota humo. Vanishi ya nje inaweza kung'aa vizuri huku ndani ubao umekuwa unga. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, ubao huo hauna dawa. Usijaze puti, kata, weka mpya.

Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, fungia gari umbo lake. Liweke kwenye stendi nne, sakafu isawazishwe kwa pimamaji. Simamisha mihimili kutoka sakafuni hadi paani, kisha pigilia fito kukingamisha uwazi wa milango ya nyuma. Pima uwazi huo kutoka pembe hadi pembe, mishazari yote miwili, na andika vipimo juu ya fito zenyewe, maana karatasi hupotea. Halafu fungua upande mmoja tu. Ule mwingine ndio utakaokuonyesha kila kitu kilivyokaa, na ukifungua zote mbili umempoteza shahidi wako. Vipande vilivyooza usivitupe. Hata kilichobaki nusu kina mkunjo na matundu ya kunakili.

Sasa mbao. Asili yake ni ashi, mti wa Ulaya wenye nyuzi ndefu, unaonesa bila kuvunjika na unaoshika skrubu vizuri. Ubaya wake ni mmoja: ukilowa unaoza upesi. Uingereza bado zinauzwa fremu za ashi zilizokwisha kukatwa, na mwenye uwezo namshauri aagize. Asiye na uwezo atumie mvule uliokauka sawasawa. Mvule unastahimili maji na mchwa, ila hauna ule unyumbufu wa ashi, na unga wake unawasha kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Na usishangae makali ya randa yakifa ghafla; mvule hubeba mawe ndani yake.

Kwenye sehemu zilizopinda ndipo wengi huharibu. Katika jahazi tunatafuta tawi lililopinda lenyewe ili tupate taruma, yaani mbavu za chombo. Hapa ukikata pindo lote kutoka ubao mmoja ulionyooka, nyuzi zitakatika katikati ya pindo na hapo ndipo patakapopasuka. Unganisha vipande vifupi kwa meno yanayoingiliana, kila kipande nyuzi zake zifuate mkunjo. Kwingine tumia ulimi na tundu, ukaze ulimi uingie kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao.

Funga kila kitu kwanza bila gundi. Ning'iniza milango ya nyuma, ifunge, ifungue, rudia vipimo vya pembe. Ikikubali, fungua tena upake gundi ya epoksi. Gundi nyeupe ya fenicha haifai, inalegea kwa maji na joto. Skrubu ziwe za stenlesi, utoboe njia kwanza, na kila panapokutana mbao na bati, liwe la alumini au la chuma, weka silanti, ile dawa laini ya kuzibia maji.

Gundi ikikauka, vanishi inatangulia kufunga fremu garini, haifuati. Mpako wa kwanza uchanganye na tapentaini ili uzame, upake pande zote, na ncha zilizokatwa uzirudie mpaka zikatae kunywa. Halafu mipako mingine kadhaa, kila mmoja ukiusugua kwa msasa laini. Mfereji wa vioo utoboe matundu madogo ya kutolea maji, nayo uyapake ndani.

Kabla ya kurudisha vitambaa na viti, mpe kijana wako tochi aketi nyuma, wewe mwagia gari kwa mpira wa maji kuanzia chini kupanda juu. Tone likionekana, toa kioo hicho au bati hilo leo leo, kausha, weka silanti upya, umwagie tena.