Jinsi ya kurushia tableti intaneti ya simu bila bando kuyeyuka

Tableti nyingi zinazouzwa hapa Dodoma mjini ni za waifai tupu, hazina sehemu ya laini, sasa mtu ananunua anafika nayo Nkuhungu au Nzuguni anaanza kujiuliza intaneti ataitoa wapi, wakati intaneti anayo mfukoni. Simu yako ikiwa na bando inatosha, unawasha hotspoti, yaani simu inarusha intaneti yake kama waifai, tableti inakula humohumo. Kuunganisha ni dakika mbili tu, kasheshe ipo kwenye kulinda bando na hapo ndo nitakaa zaidi.

Anza na simu. Washa data, fungua kitu chochote uone kama kinafunguka, maana simu yenyewe kama haina neti hotspoti itawaka vizuri tu, tableti itaonyesha imeshika, ila utabaki unaangalia kiduara kinazunguka. Kisha ingia setingi, kwenye Samsung nenda Connections, Android nyingi ipo kwenye mambo ya Network, iPhone ni Personal Hotspot af unawasha Allow Others to Join, na kama simu umeiweka Kiswahili tafuta Mtandao pepe. Kabla ya kuwasha weka jina na paswedi yako. Jina lolote, ila paswedi isipungue herufi 8, na tafadhali isiwe 12345678, nyumba zetu za kupanga si unazijua, vyumba sita uwani, vijana wa chumba cha mbele wakiipata hiyo utakuwa unawalipia mpira kila wikiendi na salamu hupewi.

Washa sasa. Kwenye tableti fungua waifai, jina la simu yako litatokea, ligonge, andika paswedi, imeisha hiyo. Simu za Android za karibuni zina QR kabisa, tableti inaskani tu hakuna kuandika.

Jina lisipotokea, mara nyingi shida ni masafa. Hotspoti inarusha kwa 2.4 GHz au 5 GHz, na tableti za bei chee nyingi zinaona 2.4 peke yake, kwa hiyo rudi kwenye simu ubadili iwe 2.4. iPhone kuanzia 12 kwenda juu kuna kitufe cha Maximize Compatibility kinafanya kazi hiyohiyo. Hiyo 2.4 hata kwenye kuta za tofali inapenya vizuri kuliko 5, japo 5 ina kasi mkiwa chumba kimoja.

Haya, bando. Watu wanapiga kelele kwamba mtandao umewaibia, jana jioni kaunga GB, asubuhi meseji inasema limeisha. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba tableti ikiona waifai inadhani ni ya bure, inaanza kusasisha programu zote, inapandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na wewe umelala. Dawa yake ingia kwenye waifai ya tableti, gonga kile kigurudumu pembeni ya jina la hotspoti, tafuta palipoandikwa Metered, yaani intaneti ya kupimwa siyo ya bure, ichague. Kuna tableti za Android zinajitambua zenyewe zikishika simu ya Android, ila usizitegemee, hakikisha kwa macho yako. iPad gonga ile i ndogo uwashe Low Data Mode. Halafu Play Store nayo nenda kazime usasishaji wa kujiendesha.

Video ni mnyama mwingine. Ubora wa picha wa 1080p kwa saa moja unapita GB 1 kirahisi, ule wa chini wa 360p haufiki hata nusu ya GB, na mtoto anayeangalia katuni hatoona tofauti yoyote, we mshushie tu. Simu nyingine kwenye hotspoti zina sehemu ya kuweka kikomo, unaandika mfano MB 500 zikifika inajizima, kama yako inayo itumie hasa ukimwachia mtoto.

Ukikaa sehemu mtandao ni wa kuvizia, kwa mfano kule kuelekea Bahi, simu iweke dirishani inaposhika 4G, wewe kaa na tableti sebuleni. Ila jua letu unalijua, simu iko kwenye chaji, inarusha hotspoti, na imeanikwa dirishani saa saba mchana, hiyo itachemka mpaka ijizime, iweke upande wenye kivuli. Chaji nayo inaliwa haraka, na ukishamaliza zima usisubiri ijizime.

La mwisho, ukipigiwa simu tableti ikakata neti usianze kuhangaika na setingi. Laini nyingine mtu akipiga simu inashuka kutoka 4G na data inasimama, ongea umalize, itarudi yenyewe.