Namna ya kuisoma Pasaka baada ya Jumapili yenyewe kupita

Nafundisha katekisimu ya watu wazima, na kila mwaka mambo ni yale yale: Kwaresima watu wanafunga siku 40, Ijumaa Kuu kanisa linajaa pomoni, Jumapili haleluya, Jumatatu kwisha habari. Ilhali majira ya Pasaka yana siku 50, hadi Pentekoste. Tunajua kufunga kuliko tunavyojua kufurahi. Basi zitumie siku hizo. Unachohitaji ni Biblia tu.

Soma Injili moja moja, usizichanganye. Anza na Marko 16, na ukifika mstari wa 8 simama. Nakala mbili za kale sana za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, za karne ya 4, zinaishia hapo: wanawake wanatoka kaburini mbio, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno. Kaa na hofu yao siku kadhaa. Anayedhani ufufuko ni habari ya kubembelezea watu hajawasikiliza wanawake hawa.

Kisha fungua 1 Wakorintho 15. Paulo aliandika barua hiyo katika miaka ya 50, na wataalamu wengi wanaona imezitangulia Injili zote nne. Anawataja mashahidi: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (mitume kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa wangali hai, Yakobo. Halafu anasema bila kuuma maneno kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Ndiyo maana siwaelewi wanaohubiri kwamba Pasaka ni picha tu ya matumaini. Kwa picha tu, Paulo asingekubali kupigwa mawe.

Yohana 21 ipe muda mrefu kuliko zote, na uisome ukiwa umeweka kidole kwenye sura ya 18. Kule, usiku wa baridi, Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na hapo ndipo anapomkana Bwana mara tatu. Huku, alfajiri ufukweni, Yesu ndiye aliyewasha makaa, samaki na mkate viko tayari. Hebu fikiria Petro anavyoukaribia moto ule akisikia harufu ya moshi. Halaumiwi. Analishwa kwanza, kisha anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, na kila akijibu anapewa kazi ya kuchunga kondoo.

Baada ya kusoma, andika jina la mtu mmoja mliyekoseana. Mwalike mle pamoja, na mambo mazito yasubiri hadi sahani ziondolewe. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu wengi wetu hutanguliza mashtaka, chakula kikafuata kikiwa kimepoa.

Shaka zikikujia, fungua Mathayo 28:17. Wanafunzi wako mlimani Galilaya, wanamsujudia, na baadhi yao wanaona shaka. Yesu anawatuma wote, wenye shaka wakiwemo. Kwa hiyo usiahirishe kusali wala kuhudumu eti mpaka uwe na hakika kamili.

Kama katika siku hizo utaitwa msibani, na huenda ukaitwa, usiende na “usilie, atafufuka.” Katika Yohana 20, Maria Magdalena anaulizwa analilia nini, hakuna anayemwambia anyamaze, na anamtambua Bwana pale anapoitwa kwa jina lake. Fanya hivyo hivyo: muulize mfiwa habari za marehemu, na umtaje marehemu kwa jina lake. Akikuomba neno, msomee Yohana 11, ile habari ya Lazaro, na usiuruke mstari wa 35. Hapo Yesu analia machozi, ingawa kabla hata ya kuanza safari alikwisha waambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha.