Jinsi ya kupiga picha za bidhaa kwa simu, mteja aache kuuliza "hiyo rangi gani?"

Mteja akiingia duka la Kariakoo hanunui kwa kuangalia tu, anageuza, anavuta mshono, anasogea mlangoni kuangalia rangi kwenye mwanga, ndo anauliza bei. Mtandaoni hawezi kushika, ana macho tu, kwahiyo picha zako ndo zimgeuzie huo mzigo. Ukilishika hili hata simu ya kawaida inatosha.

Anza na mwanga. Jua la Dar saa sita linakuwa utosini, ukitoa kiatu nje muda huo juu kunaungua kwa weupe na chini kunabaki kivuli cheusi tii. Piga saa mbili saa tatu asubuhi au jioni kuanzia saa kumi, ukiwa ndani karibu na dirisha au mlango, ila jua lenyewe lisiiguse bidhaa. Zima taa ya chumba, hii watu wanabisha sana ila ni kweli, balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirishani upande mmoja unakuwa njano mwingine bluu na gauni jipya linaonekana limechakaa. Flashi usiwashe kabisa. Nunua manila nyeupe mbili stationari, moja isimamishe upande usio na dirisha irudishe mwanga penye kivuli, nyingine ibandike ukutani ishuke mpaka mezani bila kuikunja, hapo una bekigraundi safi.

Futa lensi kabla hujaanza, simu inashikwa na vidole vya mafuta siku nzima na ule ukungu kwenye picha mara nyingi ni huo tu. Usivute zumu, sogea wewe, ila usisogee mno maana ncha ya kiatu itavimba, bora urudi kidogo halafu ukropu baadae. Gusa bidhaa kwenye skrini fokasi ikae, na manila ikitokea ya kijivu telezesha kidole uongeze mwanga, simu ikiona nyeupe nyingi inapunguza mwanga yenyewe, kwenye kitu cheusi inafanya kinyume.

Sasa chukua doti ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Wengi wanaipiga ikiwa imekunjwa, mteja anaona nini pale? Ifungue, ipige pasi, yani pasi inasaidia kuliko simu ya bei mbaya, halafu picha ya kwanza kipande kizima kimenyooka, pindo na mji, yani ile sehemu ya katikati, vionekane vyote. Ya pili jina kwa karibu lisomeke mpaka herufi ya mwisho, maana mtu anayemnunulia wifi yake kanga anataka kujua inasema nini kabla hata ya rangi. Ya tatu geuza kona moja aone rangi imepenya vipi nyuma. Ya nne mtu ameivaa, ionekane inavyokaa mwilini. Kama rangi ni nne piga zote nne, achana na "rangi zipo njoo inboksi".

Mtumba wa Karume piga lebo ya saizi, kola, kwapa, zipu, na doa kama lipo. Doa lipige kwa karibu na uliandike, najua linauma ila aliyeliona kabla ya kulipa hakurudishii mzigo na bodaboda humlipi mara mbili. Viatu onyesha soli. Pochi weka rula pembeni, andika sentimita.

Kwenye kuedit nyoosha, kropu, ongeza mwanga kidogo, basi. Filta hapana. Toa skrini kwenye ule mwanga wa njano wa usiku, shika bidhaa pembeni ya simu ulinganishe, hasa rangi ya damu ya mzee, simu nyingi zinaigeuza nyekundu kabisa. Na picha za kuokota Pinterest naomba sana tuache, mteja akipokea kitu tofauti anaacha kutuamini wauzaji wote.

Instagram mraba ni pikseli 1080 kwa 1080, ndefu 1080 kwa 1350, acha nafasi pembeni bidhaa isikatwe, na namba ya simu usiiandike juu ya bidhaa. Mteja akitaka picha WhatsApp mtumie kama dokyumenti, ikipita njia ya kawaida inabanwa na lile jina la kanga ulilohangaika nalo halisomeki tena.