Kupima muunganiko wa mitaa ya jiji linalokua: mfano wa Dar es Salaam

Usilinganishe ramani ya OpenStreetMap (ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea) ya 2014 na ya leo. Tangu mradi wa kuchora ramani ya jiji, Ramani Huria, uanze mwaka 2015, vichochoro vingi vilivyokuwepo zamani vimechorwa. Utapima bidii ya wachoraji, si ukuaji wa jiji. Chukua ramani ya leo, kisha ipe mitaa umri.

Umri unapatikana kwenye tabaka za GHSL (data za makazi duniani zinazotokana na picha za setilaiti), zinazoonyesha maeneo yaliyojengwa kuanzia 1975, kila baada ya miaka mitano. Acha zile za 2025 na 2030, ni makisio. Gawa jiji kwa vipindi: kabla ya 1990, 1990 hadi 2005, na baada ya hapo.

Kwenye QGIS (programu ya ramani), badilisha mistari ya barabara iwe kwenye mfumo wa viwianishi EPSG:32737 ili vipimo vitoke kwa mita. Unapokata eneo, ongeza ukingo wa mita 500, hesabu njia za kila nukta (mahali mistari inapokutana au kuishia), ndipo ufute nukta za ukingoni. Ukikata kwanza, kila barabara inayovuka mpaka itageuka kuwa njia isiyotokea.

Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni mistari isiyogusana: pengo la nusu mita halionekani kwa macho, lakini kompyuta inaona ncha mbili. Gandisha (unganisha) ncha zilizo ndani ya mita 1 au 2, usizidishe, la sivyo utaunganisha vichochoro vilivyotengwa na ukuta. Barabara yenye mistari tofauti ya kwenda na kurudi kama Morogoro, pamoja na njia za mwendokasi katikati, ichore mstari mmoja. Vinginevyo njia panda moja itahesabiwa mara nne au zaidi.

Nukta zenye njia mbili ni kona tu, ziondoe. Tuseme zimebaki 100: 60 za njia tatu, 20 za njia nne, na ncha 20 zisizotokea, zenye njia moja. Jumla ya njia 180 + 80 + 20 = 280, wastani 2.8 kwa nukta, vipande vya barabara 140 (kila kimoja kimehesabiwa mara mbili), ncha asilimia 20. Mitaa ya mraba kama Kariakoo husogelea 4. Gawanya pia makutano (nukta za njia tatu au zaidi) kwa eneo. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hupendekeza takribani 100 kwa kilomita ya mraba.

Rudia hesabu bila njia za miguu. Wastani ukishuka sana, hapo mwenda kwa miguu anapenya lakini gari la zimamoto halifiki.