Kabla hujanunua deki ndogo ya safarini

Ukitafuta deki ndogo ya DVD ya kuwatuliza watoto njiani, usianze na ukubwa wa kioo. Anza na betri. Mchana ndani ya gari utalazimika kupandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, na chaji itaisha mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Hakikisha ina waya wa kuchajia garini.

Linalosahaulika sana ni namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Diski za Marekani ni kanda 1, za Ulaya Magharibi 2, za sehemu kubwa ya Afrika 5, na deki iliyofungwa kanda moja hugomea diski ya nyingine. Chukua inayosoma kanda zote, au yenye tundu la flashi. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao deki nyingi huusoma; ila faili moja isifike GB 4.

Wakiwa watoto wawili, matundu mawili ya hedifoni yatakuokoa kuliko rimoti (rimoti ya nini, deki ipo mapajani?). Na kwenye ndege, pawabenki (betri ya akiba ya kuchajia) hukaa kwenye begi la mkononi, si la kupakiwa chini.