Kuamsha injini ya John Deere Modeli E iliyokaa ghalani miaka mingi

Modeli E ni injini ya petroli ya shambani, ya silinda moja, inayokaa mahali pamoja. Ukishainunua mnadani hapa Iowa, Marekani, utatamani uisikie ikilia siku hiyohiyo. Vumilia. Nimeziona zilizopona miongo ya kutelekezwa, kisha zikavunjwa kwa mchana mmoja wa haraka.

Modeli E ilitengenezwa mjini Waterloo kuanzia 1923 hadi 1946, katika kiwanda ambacho John Deere ilikinunua mwaka 1918. Nazungumzia ile ndogo, ya nguvu za farasi 1½, inayozunguka mara 600 kwa dakika. Mashambani ilivuta maji, ikapukuchua mahindi na kuzungusha mashine za kufulia.

Hatua ya 1: Tangi la maji

Injini hii haina rejeta. Silinda imezungukwa na maji yaliyo kwenye tangi lililo wazi juu. Yanachemka na kuondoka na joto kama mvuke. Maji yaliyosahauliwa humo wakati wa baridi huganda, yakatanuka na kupasua chuma. Ufa hujificha chini ya rangi. Jaza maji, acha usiku kucha, asubuhi pitisha mkono chini ukitafuta unyevu.

Hatua ya 2: Pistoni iliyokwama

Toa plagi, mimina mafuta ya kulegeza kutu. Silinda imelala, kwa hiyo mafuta yatatuama upande wa chini tu. Inua injini upande mmoja, kesho upande mwingine. Ngoja siku kadhaa, kisha sukuma flaiweli, yaani gurudumu zito la pembeni, mbele na nyuma kidogokidogo. Usipige pistoni kwa chuma, wala usiingize mtaimbo kwenye mikono ya flaiweli. Chuma cha kusubu hakipindi, kinakatika.

Hatua ya 3: Vali mbili zisizofanana

Vali ya kutolea moshi inasukumwa na fimbo. Ya kuingizia hewa haina fimbo: inafunguliwa na mvuto wa pistoni peke yake. Ndiyo maana springi yake ni laini sana. Wengi huidhania imechoka, wakaweka ngumu, na injini ikakosa pumzi. Ibonyeze kwa kidole: izame kwa urahisi, irudi yote.

Hatua ya 4: Gavana

Gavana ndiyo inayodhibiti mwendo. Hapa ndipo penye akili ya mashine hii, na usipopaelewa utarekebisha kisichoharibika.

Injini hii haipunguzi petroli ili kupunguza mwendo. Inaruka mlipuko mzima. Mwendo ukizidi, vizito vya gavana hutanuka na kusogeza kabari inayoidaka fimbo, vali ya moshi ikabaki wazi. Pistoni inakwenda na kurudi bila kubana kitu. Mvuto haupo, vali ya kuingizia haifunguki, petroli haitumiki. Flaiweli inabeba kazi kwa uzito wake. Mwendo ukishuka, kabari inaachia, unasikia mlipuko mmoja, kisha kimya tena. Kimya hicho ni uzima wa injini, na ndicho kilichomwokolea mkulima petroli pale mzigo ulipokuwa mwepesi.

Kagua ncha ya kabari na mahali inapodakia. Zikiwa zimelika na kuwa mviringo, zitateleza na mwendo utapanda hovyo. Zichonge ziwe na kona kali. Safisha grisi iliyoganda kwenye vizito hadi vicheze bila kukwama.

Hatua ya 5: Mafuta na cheche

Osha tangi la petroli, badilisha oili, hakikisha plagi inatoa cheche. Kivalvu cha bomba la petroli lazima kizuie petroli isirudi tangini; kikivuja, injini itawaka mara moja na kuzima.

Hatua ya 6: Kuwasha

Fanya kazi nje, mikono ya shati imekunjwa, hakuna mkufu wala tai. Jaza maji. Fungua sindano ya petroli, ile skrubu inayopima petroli inayoingia, takriban mzunguko mmoja, hakikisha kabari haijaidaka fimbo, ziba hewa, zungusha flaiweli mpaka petroli ipande. Achia hewa, kisha zungusha kwa nguvu na uondoe mkono mara moja. Ukitumia hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma, itakivunja.

Ikishapata joto, punguza petroli mpaka moshi mweusi uishe. Kuzima, funga sindano. Ikipoa, fungua kizibo cha chini na umwage maji yote, hata kama ni kiangazi.